Makufuli Mawili

Waliniachia gurudumu la mbele.
Lilisimama wima nje ya hospitali, Groningen,
saa kumi na mbili na robo asubuhi,
mnyororo wangu umelikumbatia
kama mama anayekumbatia mto
na mtoto ameshatoka dirishani.

Polisi akaniuliza namba ya fremu.
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Nilikuwa na alama nyingine zote:
utepe wa buluu aliouzungusha Fenna kwenye usukani
akiwa na miaka saba,
kengele inayokohoa badala ya kulia,
mfuko wa mkate niliouvisha tandiko lisilowe.
Namba, sina.
Akaandika: kijani, ya kike.
Akaniangalia kwa huruma
kama mtu aliyepoteza jani la nyasi uwanjani.

Dukani, Bwana Dijkema hakunipa pole.
"Gurudumu hufungwa na mgeni, Hilje.
Funga fremu. Kisha gurudumu.
Kisha kitu kisichong'oka, na kitikise kwanza.
Tundu la ufunguo litazame chini.
Usiache upenyo, mtaimbo usipate pa kuuma.
Na ujue, kufuli halizuii mwizi.
Linanunua dakika. Mimi nauza dakika."

Nikanunua dakika za yuro sitini.
Baiskeli sina, kufuli ninalo:
nililibeba mkobani wiki baada ya wiki,
zito kama tofali,
kwa miguu, zamu ya usiku, kwenda na kurudi.

Siku za mwizi ni arobaini.
Nilizihesabu.
Ya arobaini ilinyesha tu.

Ya sitini na tatu, nyuma ya maktaba ya chuo,
utepe wa buluu.
Gurudumu la mbele geni, jembamba, linang'aa,
jino la bandia katika kinywa ninachokijua.
Na imefungwa! Tena vizuri, fremu na yote,
tundu likitazama chini.
Sikupiga kelele.
Nilitoa tofali langu nikalifunga juu ya lake.
Klak.
Nikabandika karatasi: Hii ni yangu. Hilje.

Kesho yake, mwandiko wa kalamu ya risasi:
Niliinunua darajani, yuro ishirini.
Sikuuliza. Sytze.

Sikuuliza.
Neno hilo nililitafuna zamu nzima,
chupa za damu zikizunguka mbele yangu kwenye mashine.
Kwani mimi, mwaka ule wa talaka,
niliipata wapi?
Kwa mwanamume mwenye kofia, kwenye maegesho,
usiku, yuro thelathini.
Alikuwa na haraka. Mimi pia.

Theluji ikaanguka.
Yeye hafungui, mimi sifungui.
Kutu peke yake ndiyo iliyokuwa ikiendesha.
Manispaa wakaja na kibandiko cha rangi ya chungwa:
iondolewe ndani ya siku kumi na nne.
Kila nilipopita nilikisoma,
na ninaamini naye alikisoma.

Siku ya kumi na tano nilimkuta pale,
kijana mrefu, masikio mekundu kwa baridi,
ufunguo mkononi.
Wangu ulikuwa mfukoni, umepata joto.
Hatukusalimiana.
Kila mmoja alimngoja mwenzake ainame kwanza,
na tulikuwa bado tunangojana
lori la manispaa lilipopanda ukingo wa njia.

Yule fundi alivaa miwani, akawasha msumeno.
Cheche zikatoboa theluji.
Lake likakatika. Langu likafuata:
dakika za yuro sitini,
sikuwahi hata kumaliza kupiga chafya.

Akazima mashine. Akaishika baiskeli kwa tandiko,
pale pale ninapoishikaga mimi.
"Haya," akasema, "ya nani?"

Sytze akanitazama.
Mimi nikautazama utepe,
ncha yake iliyofunguka,
unavyopepea.